NGUO MBILI ZA UONGO: Elimu unayoiandika katika fomu ya safari

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kujua ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu, hata kabla ya kupewa utume, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu Muislamu, dada Muislamu! Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusia wewe, tumche Mwenyezi Mungu popote tulipo: mbele ya watu, na pale tunapokaa peke yetu na kalamu mkononi. Leo tunataka kusema juu ya hiyo kalamu.

KWA NINI JAMBO HILI LISEMWE MSIKITINI

Mji wetu wa Likasi unajulikana kwa kazi. Wazee wetu walikuja hapa wakati mji ungali unaitwa Jadotville, wakachimba, wakayeyusha shaba kule Shituru, wakasomesha watoto wao. Kisha kazi ikapungua. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi wenu mnakumbuka ni nyumba ngapi za Panda na Kikula zilibaki bila mshahara. Tangu hapo kila familia inatafuta mlango. Mmoja ameshika njia ya Kolwezi, mwingine Lubumbashi, mwingine Zambia. Na kijana aliyesoma kidogo au sana anaota Ulaya, Kanada na Marekani.

Kusafiri kutafuta riziki si haramu. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul-Mulk, aya ya 15, kuwa ardhi ameifanya nyepesi kwetu ili tutembee katika pande zake na tule katika riziki yake. Hatumlaumu kijana anayetaka kuondoka, wala mzazi anayeuza kiwanja ili mtoto apate nauli. Tunamwombea heri.

Lakini kila mlango wa safari una fomu, na karibu kila fomu ina swali hili: umesoma mpaka wapi? Ni swali dogo, lina mstari mmoja tu. Na katika mstari huo mmoja watu wengi wanaanguka, na wanaanguka wakicheka, wakidhani ni ujanja. Ndiyo sababu tumeona tuliseme hapa, siku ya Ijumaa, kwa sababu anayeandika uongo katika fomu ndiye huyo huyo anayesimama nasi katika safu.

UONGO UNAINGIA KWA MILANGO MINGI

Wa kwanza: kijana amekaa miaka yote ya sekondari mpaka darasa la mwisho, lakini hakufaulu Exetat. Akifika kwenye fomu anaandika kwamba anayo diploma ya Leta.

Wa pili: amepata gradua ya miaka 3, anaandika lisansi. Au ameingia chuo mwaka mmoja, akakosa pesa za masomo akarudi nyumbani, naye anaandika amemaliza.

Wa tatu: hana karatasi, basi anainunua. Anatafuta mtu wa kumtengenezea buleti, wa kumbadilishia asilimia, wa kumgongea muhuri.

Wa nne anafanya kinyume: ameficha masomo aliyosoma kweli, kwa sababu ameambiwa kwamba mtu asiyesoma ndiye anayehurumiwa. Huu nao ni uongo. Kupunguza ni kama kuongeza, na mizani ya Mwenyezi Mungu inakataa yote mawili.

Wa tano, na hawa ndio wengi: hakuandika mwenyewe. Amekwenda kwenye duka la intaneti, amempa komisyonere picha na pesa, naye amejaza anavyojua. Ukimwuliza, "Ndugu yangu, umeandikiwa elimu gani?" anajibu, "Sijui, yeye ndiye aliyejaza." Ndugu, jina lililoandikwa juu ni la nani? Sahihi iliyo chini ni ya nani? Siku ya kuitwa Kinshasa kwenye ubalozi, ni wewe utakayeketi mbele ya yule afisa, au ni komisyonere?

HADITHI YA NGUO MBILI

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim, Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) amepokea habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa na mke mwenza. Mwanamke huyo alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama ana dhambi akijifanya mbele ya mwenzake kuwa mume amempa vitu ambavyo kwa kweli hakumpa. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba mwenye kujionyesha kuwa anacho kitu asichopewa ni sawa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Tazama jambo hili vizuri. Mama yule hakutaka kuiba mali ya mtu. Alitaka tu aonekane kuwa anacho. Na hata hivyo Mtume (S.A.W.) hakumpa ruhusa. Je, itakuwaje kwa mtu anayejionyesha kuwa anayo elimu asiyopewa, mbele ya serikali nzima, ili apate kwa elimu hiyo nyumba, kazi na uraia?

Wanazuoni wamesema nguo zimetajwa mbili kwa sababu uongo huu unamzunguka mtu juu na chini. Nasi tunaweza kuona jinsi ilivyo: kwanza anawadanganya wengine, kisha anajidanganya mwenyewe. Leo ameandika kuwa ni fundi wa umeme mwenye diploma. Kesho anapewa kazi ya umeme. Keshokutwa waya unaungua na mtu anakufa. Na katika Suratu Aal-Imran, aya ya 188, Mwenyezi Mungu ametuonya juu ya watu wanaopenda kusifiwa kwa mambo wasiyoyafanya, akatuambia tusidhani kwamba hao wameokoka na adhabu.

FOMU NI USHAHIDI

Kuna wanaosema, "Ni karatasi tu, si kiapo." Hapana. Fomu hizi, ukifika mwisho wake, zinakutaka ukubali kwamba uliyoyasema ni kweli na kamili. Ukiwa mbele ya afisa wa viza wa Marekani, unainua mkono unaapa kabla ya kuulizwa neno. Basi ni ushahidi, na mwenye kuushuhudia ni wewe juu ya nafsi yako.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tuwe wenye kusimamisha uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu au jamaa zetu. Kusema "sikufaulu Exetat" ni ushahidi dhidi ya nafsi. Ni mchungu, na malipo yake ni makubwa.

Na Abu Bakra (R.A.) ametusimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa kuliko yote huku ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawasawa, akalikariri neno hilo mara nyingi, mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Jambo lililomfanya Mtume (S.A.W.) aache kuegemea, sisi tunalifanya kwenye duka la intaneti tukinywa soda!

"LAKINI WALE SI WAISLAMU"

Hili tunalisikia sana: kwamba kumdanganya mzungu si dhambi, kwa kuwa naye alituchukulia shaba yetu. Ndugu Muislamu, ukitaka jawabu, mtazame Mtume (S.A.W.) usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamekusudia kumwua, na nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu wa Makka. Hakusema, "Hawa ni maadui, mali yao ni halali." Alimwacha Ali (R.A.) nyuma azirudishe amana kwa wenyewe.

Mtazame pia Hudhayfa (R.A.) na baba yake. Makureshi waliwakamata njiani, wakawaachia baada ya kuwaahidisha kwamba hawatapigana upande wa Mtume (S.A.W.). Walipomfikia, vita vya Badr viko karibu na Waislamu ni wachache, yeye aliwaamuru watimize ahadi waliyowapa makafiri, na akamwelekea Mwenyezi Mungu kwa kuomba msaada. Imepokelewa na Muslim. Ikiwa ahadi iliyotolewa kwa adui vitani inatimizwa, itakuwaje ahadi unayoitoa wewe mwenyewe, kwa hiari yako, kwa nchi unayoiomba ikupokee?

Na kuna kisa kingine, nacho kinatuhusu zaidi, kwa sababu ni kisa cha wahamiaji. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walihamia Uhabeshi, mnamo mwaka 615, na Uhabeshi ni hapa hapa Afrika. Makureshi wakawatuma watu wawili na zawadi za ngozi ili mfalme Najashi awarudishe. Siku ya kwanza Najashi alimsikiliza Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akaridhika. Siku ya pili wale wajumbe wakarudi na hila: wakamwambia mfalme, aliyekuwa Mkristo, awaulize Waislamu wanasema nini juu ya Isa mwana wa Maryam.

Fikiria hali yao, ewe ndugu unayeomba viza. Wako ugenini, hawana nchi nyingine, na neno moja litawarudisha kwa watesaji. Walishauriana usiku, wakakubaliana kwamba watasema kile alichosema Mwenyezi Mungu na alichokuja nacho Mtume wao, na liwe litakalokuwa. Asubuhi Jaafar akasema mbele ya mfalme na maaskofu wake kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Najashi akaokota kijiti chini, akasema Isa hakuzidi juu ya hayo hata kwa kiasi cha kijiti kile. Akawapa amani, na zawadi za Makureshi akazirudisha.

Waislamu wa kwanza waliopata hifadhi katika nchi ya wengine, basi, waliipata kwa ukweli. Sisi tunaojiita wafuasi wao tunataka kuipata kwa muhuri wa kuchonga?

NI NAFASI YA NANI UNAYOICHUKUA?

Wengine wanadhani uongo huu haumdhuru mtu. Tuhesabu pamoja.

Ile bahati nasibu ya Marekani, ambayo watu wetu wengi wameicheza, ilitokana na sheria ya mwaka 1990. Sheria ile inaweka viza 55,000 kwa mwaka, nazo zinagombewa na mamilioni ya watu wa dunia nzima. Sharti la elimu ni kuwa umemaliza masomo ya miaka 12, ya msingi na ya sekondari; au, kama hukumaliza, kuwa katika miaka 5 iliyopita umefanya kwa miaka 2 kazi ambayo ufundi wake unahitaji angalau miaka 2 ya kujifunza. Viza zina hesabu. Ukiingia kwa uongo, kuna mtu aliyesema kweli ambaye hesabu imefungwa kabla ya kumfikia. Huenda ni mtu wa Kikula, na huenda anasali nyuma yako.

Kanada wanahesabu kwa alama. Katika mpango wao wa kuchagua wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, mtu asiye na mume au mke anapata alama 30 kwa diploma ya sekondari, na alama 120 kwa shahada ya chuo ya miaka 3 au zaidi. Tofauti ni alama 90. Mwenye kuandika lisansi asiyo nayo amejiongezea alama 90 juu ya mwenzake. Angefanya hivyo sokoni kwa kuweka jiwe kwenye mizani tungemwita mwizi. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono ndani ya chungu la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa na juu kumekauka, alisema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Diploma ya kughushi ni nafaka hiyo hiyo.

Hii ni haki ya mtu, ndugu yangu. Dhambi iliyo kati yako na Mola wako ni nyepesi kusamehewa ukitubu. Haki ya mja inadaiwa mpaka Siku ya Kiyama.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Hatutaki umwogope afisa kuliko Mwenyezi Mungu. Lakini ni wajibu ujue yanayotokea hapa duniani pia.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamfungia mlango maisha yake yote mtu aliyesema uongo wa makusudi juu ya jambo la maana ili apate viza. Wanaoweza kuombewa msamaha ni wachache, kama vile wenye mke, mume au mzazi ambaye ni raia au mkazi wa kudumu kule. Kanada inamfungia miaka 5. Ilikuwa 2 tu, ikaongezwa mwezi wa Novemba 2014. Uingereza inaweza kumkatalia mdanganyifu kwa miaka 10. Na mtu asiseme, "Nikishaingia nimepona." Marekani na Kanada zote zina sheria ya kumvua mtu uraia alioupata kwa udanganyifu. Utakuwa umejenga, umezaa, watoto wamekua, na karatasi ile bado iko kwenye faili inakungoja.

Na wanachunguza. Tangu mwezi wa Mei 2013 Kanada inawataka wanaoomba katika mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi wapeleke masomo yao yapimwe na taasisi iliyokubaliwa. Chuo chenyewe kinaweza kuulizwa. Na afisa wa Kinshasa ameziona diploma za Leta nyingi kuliko wewe.

Basi fikiria kijana aliyeuza kila kitu, akapanda ndege kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, akalipa daktari na ada isiyorudishwa, kisha akaulizwa swali moja: Exetat ulifanya mwaka gani, na ulipata asilimia ngapi? Amefungiwa mlango, na pesa ya baba yake imekwisha. Kama angesema kweli tangu mwanzo, huenda asingeanza safari ile, na kiwanja kingalikuwepo.

TAHADHARI NA MITEGO YA LUGHA

Si kila aliyeandika vibaya ni mwongo. Wengine wanakosea kwa sababu fomu ni ya Kiingereza na masomo yetu ni ya Kifaransa. Mwenyezi Mungu hamchukulii mja kosa asilolikusudia, lakini tumeamrishwa kujifunza. Basi shika haya:

1. Neno la Kiingereza "graduate" si gradua yetu. Gradua ni miaka 3 ya chuo katika mfumo wa zamani, kabla ya LMD kuanza kuingizwa vyuoni mwaka 2021. Katika fomu za Marekani, masomo ya "graduate" ni yale yanayofuata baada ya shahada ya kwanza. Mwenye gradua akiweka alama hapo amejipandisha bila kujua.

2. Neno "college" kwa Marekani ni chuo cha juu. Koleji na lise zetu ni sekondari. Usiseme umemaliza "college" kwa sababu shule yako iliitwa Collège.

3. Diploma ya Leta ni cheti cha kumaliza sekondari. Katika fomu nyingine za Kiingereza neno "diploma" peke yake ni cheti cha chuo baada ya sekondari. Soma swali lote kabla ya kujibu.

4. Lisansi yetu ya zamani ni miaka 3 ya gradua na miaka 2 juu yake, jumla 5. Lisansi ya Ufaransa ni miaka 3. Andika miaka uliyosoma, na uache wenye kupima wapime.

5. Fomu ya bahati nasibu ya Marekani imekuwa na ngazi 10 za elimu, na moja kati yake ni ya mtu aliyesoma sekondari bila kupata diploma. Nafasi ya ukweli wako ipo, basi kwa nini uikimbie?

Na wewe fundi, uliyechomea vyuma au kutengeneza mashine za kiwandani miaka mingi bila diploma, usijidharau. Hati yako ya kazi ni heshima yako, ukiwa nayo ya kweli. Uliza kwanza kama kazi yako inahesabiwa, kisha andika ulichofanya, na miaka uliyofanya, bila kuongeza hata mwezi.

KWA KOMISYONERE, MWALIMU NA MZAZI

Ewe unayejaza fomu za watu: ukimwongezea mtu elimu ili ulipwe, pesa ile ni pesa gani? Katika Suratul-Baqara, aya ya 188, tumekatazwa kulana mali zetu kwa batili. Msomee mteja wako kila jibu kabla ya kutuma. Akikuomba uongo, mkatalie. Riziki yako haiko kwenye uongo wake.

Ewe mwalimu na mkuu wa shule: sahihi yako ni amana. Ukimpa mtu buleti ya darasa asilolikalia, umewaibia wanafunzi wako wote wa kweli, kwa maana kesho karatasi ya shule yako haitaaminiwa hata mikononi mwa aliyesoma kwa jasho. Sisi Waislamu wa Likasi ni wachache. Mmoja wetu akishikwa, jina litakalotajwa si lake peke yake.

Ewe baba, ewe mama: usimwambie mtoto, "Fanya kama wengine." Siku atakapokutumia pesa kutoka huko, utaila ukijua imetoka wapi.

ALIYEKWISHA KUANDIKA AFANYEJE?

Huenda unaisoma karatasi hii na moyo unakupiga, kwa sababu fomu yako imeshakwenda. Usikate tamaa. Mlango wa toba uko wazi. Masharti yake unayajua: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mtu ikiwa ipo. Na hapa kuacha dhambi maana yake ni kusahihisha. Huwezi kusema "Astaghfirullah" na huku unakariri jibu la uongo la kumpa afisa mwezi ujao.

Kama maombi bado yako njiani, yasahihishe au yaondoe. Andika wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa. Hata katika kanuni za Marekani, mtu aliyerudi kwenye ukweli kwa hiari na mapema, kabla ya kugunduliwa, hatazamwi sawa na aliyesubiri kushikwa. Na kama umeshafika nchi ya watu, usikimbilie ushauri wa barazani. Tafuta mwanasheria mwaminifu wa mambo ya uhamiaji umweleze yote.

Utasema, "Nikisema kweli nitakosa." Inawezekana. Hatukuahidi kwamba ukweli hauna gharama. Kaab bin Malik (R.A.) alibaki nyuma katika safari ya Tabuk bila udhuru. Wanafiki waliobaki walikuja mbele ya Mtume (S.A.W.) na visingizio, naye akawakubalia kwa dhahiri yao. Kaab alikuwa msemaji hodari, angeweza kutunga udhuru. Akasema kweli. Malipo yake ya kwanza yalikuwa yapi? Alisuswa siku 50. Watu hawakumsemesha, hawakumwitikia salamu, ardhi ikawa finyu kwake. Kisha ikateremka toba yake na ya wenzake wawili katika Suratut-Tawba, aya ya 118. Na aya inayofuata, ya 119, ndiyo inayotuamrisha waumini tumche Mwenyezi Mungu na tuwe pamoja na wakweli. Wale waliosema uongo waliondoka siku ile wakicheka. Leo anayekumbukwa kwa wema ni nani?

Na katika Suratut-Talaaq, aya ya 2 na ya 3, Mwenyezi Mungu amemwahidi anayemcha kwamba atampa njia ya kutokea, na atamruzuku kwa namna asiyoitazamia. Nchi za watu zinafunga milango yao na kuifungua zinavyotaka. Mwaka huu hivi, mwaka ujao vingine. Mlango wa Ar-Razzaq haufungwi na afisa.

Basi, kwa ufupi, kabla ya kuweka sahihi: soma fomu yote, au usomewe na mtu unayemwamini, andika miaka uliyosoma na cheti ulicho nacho mkononi, usichokielewa uliza, weka nakala ya ulichoandika, na ukiona kosa lisahihishe siku hiyo hiyo. Na kama kinachokuzuia ni diploma, Exetat inafanywa kila mwaka, na mtu mzima aliyeacha shule anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuketi tena kwenye benchi ukiwa na miaka 30 si aibu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie ukweli katika ndimi zetu na katika kalamu zetu. Wafungulie vijana wetu riziki ya halali, hapa Likasi na popote waendapo. Walinde walio safarini, uwarudishe kwetu salama, na usijaalie tunda la jasho la wazazi wetu likaliwa na uongo. Tusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali: usisome karatasi hii khatibu akiwa juu ya mimbari. Usiitupe chini, ina majina matukufu. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani au kijana anayejaza fomu.